Mbao gani zinafaa kwa sakafu ya remorki?

Ninyi wenye vijiji vya kando ya barabara za Likasi, Kambove, Fungurume na Kolwezi, leo tunataka kusema nanyi juu ya remorki. Hatutasema juu ya magurudumu yake wala juu ya shasi ya chuma. Hayo ni kazi ya fundi wa chuma. Tutasema juu ya mbao zinazolala juu ya shasi, ambapo magunia yanawekwa na watu wanakaa.

Vijiji vingi vina remorki moja tu, ya chama au ya mtu mmoja mwenye mali kidogo, na watu wote wanaingojea. Inapeleka mahindi na makala mjini. Inarudi na simenti, mabati, chumvi na akina mama waliokwenda kuuza. Chuma chake kinaweza kukaa miaka makumi mawili, lakini mbao zinabadilishwa nyuma ya mvua mbili au tatu, na wenyewe wanasema ndiyo desturi ya mbao. Hatukubali neno hili. Mbao za mti mzuri, zilizokauka na kufungwa vizuri, zinaweza kupita miaka kumi juu ya remorki ile ile, katika mvua ile ile.

Tena si mali peke yake inayopotea. Ubao uliooza hauonyeshi ugonjwa wake kwa juu. Unaonekana mzima, watu wanapanda, remorki inakwenda. Karibu na daraja gurudumu linaingia shimoni, gunia la kilo 100 linaruka na kuanguka tena, na ubao unakatika kama muhogo mkavu. Mtu aliyekaa pale anapitisha mguu katika tundu, na chini yake kuna ekseli na gurudumu linalozunguka. Kwa sababu hiyo, mbele ya kuuliza bei ya mbao mpya, kwanza pimeni za zamani. Kamateni kisu chenye ncha, ingieni chini ya remorki, mchome kila ubao mahali unapolala juu ya chuma, na katika ncha zake mbili. Ubao mzima unakataa kisu, na ukiubandua kidogo unatoa kijiti kirefu. Ubao uliooza unapokea kisu kama mkate, na kijiti chake kinavunjika kifupi, bila sauti. Ubao wa namna hii usingoje siku ya soko. Uondoeni leo.

Sasa sababu gani mbao zinaoza? Kuna ukungu, namna ya kimea kidogo, unaokula mti. Ukungu huu hauwezi kuishi pasipo maji. Ubao ukiwa na maji chini ya kilo 20 kwa kila kilo 100 za mti mkavu, hauozi, hata ukikaa miaka mingi. Angalieni viti na milango ya nyumba za zamani. Lakini remorki inakaa nje. Upande wa Lubumbashi mvua ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka toka Novemba mpaka Machi. Ubao unalowa asubuhi, jua linaupasua saa sita, mvua inaingia tena katika nyufa jioni. Udongo wa barabara unajaa kati ya ubao na chuma, na pale unyevu unabaki wiki nzima. Ndiyo maana ubao unaanza kuoza chini, juu ya chuma, mahali macho yenu hayafiki. Mchwa ni adui wa pili. Wao wanapanda toka udongoni, wanakula kwa ndani na kuacha ngozi ya nje.

Kuna miti ambayo ukungu na mchwa hawaipendi, kwa sababu ndani yake mna utomvu na dawa za mti wenyewe. Lakini sikieni vizuri, kwa maana hapa watu wengi wanadanganyika: dawa hiyo iko katika moyo wa mti tu. Mkikata mti mtaona sehemu mbili. Katikati ni moyo, mweusi au mwekundu au wa rangi ya asali. Kando yake, chini ya ganda, ni mti mweupe unaopitisha maji ya mti ulipokuwa hai. Huo mweupe unaoza upesi katika kila mti, hata mulombwa, hata mubanga. Mtu akinunua ubao wa mulombwa wenye nusu nyeupe, amenunua nusu ya ubao.

Mkituuliza mti mmoja tu, tutawajibu mulombwa. Wote mnaujua kwa utomvu wake mwekundu kama damu, na kwa tunda lake la duara lenye miiba katikati na bawa pembeni. Wenye elimu ya miti wanauita Pterocarpus angolensis. Moyo wake hauliwi kwa urahisi na mchwa, wala hauozi upesi. Lakini sifa yake kubwa kwa kazi yetu ni nyingine: haupindi. Miti mingi ikikauka inajikunja, inapungua, inavuta buloni. Mulombwa unapungua kidogo sana, na ubao ulionyooka siku ya kufungwa unabaki umenyooka. Tena unakubali msumeno na randa, na si mzito kupita kiasi. Mweupe wake ni mpana na wadudu wanautoboa, kwa hiyo mwambieni mpasuaji auondoe wote. Vumbi lake la msumeno linasumbua pua na kifua cha watu wengine. Mfunge kitambaa puani mnapopasua.

Mubanga ni mgumu zaidi. Ndio mti wa kinu na wa nguzo, na mtu akisema kwamba hauozi hatutabishana naye sana. Lakini unaharibu meno ya msumeno, msumari hauingii pasipo kutobolewa kwanza, na miti mingi ya mubanga ni mifupi au imepinda, hata kupata ubao wa mita mbili na nusu ni kazi. Tena fanyeni hesabu ya uzito. Sakafu ya urefu wa mita 2.40 na upana wa mita 1.50, mbao za unene wa sentimita 4, ni karibu sehemu ya 14 kwa 100 ya meta kibe moja. Mulombwa mkavu wa kiasi hicho ni karibu kilo 90. Mubanga ni karibu kilo 130 au zaidi. Tofauti ni kilo 40, ndiyo kusema katika kila safari mnabeba karibu gunia dogo la mahindi ambalo hakuna mtu atakayelinunua. Kwa remorki inayochukua mawe na matofali, mubanga ni mzuri. Kwa ile ya mahindi na watu, sisi tunachagua mulombwa.

Mupapa nao ni mzuri sana, mzito kidogo kuliko mulombwa, na haupindi, mkiupata, chukueni. Kayimbi ni mgumu na unakaa, lakini una sumu katika ganda na majani, na vumbi lake ni baya; mpasuaji ajifunge vizuri, na majani yaliyokatwa yasiachwe mahali mbuzi wanapokula. Kambala ya miji, inayotoka majimbo ya msitu mkubwa, inafaa, ila bei yake inajibu safari ndefu iliyofanya. Majina ya miti yanabadilika toka kabila mpaka kabila. Msitumaini jina peke yake. Mwende na mzee anayejua mti kwa ganda na jani.

Miti isiyofaa ndiyo ile iliyo karibu na kila kijiji. Muputu na mutondo zinatoa makala mazuri, na watu wanasema: inawaka vizuri, basi ni migumu, basi itakaa. Hivyo sivyo. Mbao zake zinapinda na zinaoza upesi zikilala nje. Kalitusi iliyopandwa inapasuka toka ncha mpaka katikati ikikauka, kwa sababu mti wenyewe unajivuta kwa ndani. Inafaa kwa nguzo za paa kuliko kwa mbao zetu. Paini ni nyepesi na rahisi kupiga msumari, lakini pasipo dawa mvua mbili zinaimaliza. Tripleksi inaonekana laini na nzuri siku ya kwanza. Maji yanaingia pembeni, gundi inaachia, na inafunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Mtu mmoja atauliza: na nguzo za zamani za umeme au za simu, zenye dawa ndani? Ni kweli, dawa ile inazuia ukungu na mchwa. Lakini nguzo nyingi zilitiwa dawa za mafuta meusi, au dawa ya rangi ya majani yenye arseniki, nayo ni sumu. Hapana kupasua nguzo hizo kwa sakafu inayobeba unga na muhogo. Na vipande vyake hapana kuvitia motoni kupikia bukari: moshi na majivu yake yanaua. Waambieni watoto wanaookota kuni.

Sasa namna ya kununua kwa wapasuaji. Rangi peke yake si shahidi, kwa maana ubao unaweza kupakwa. Kata kidogo pembeni kwa kisu uone kama wekundu unaingia mpaka ndani. Angalia ncha: ukiona kiini cha katikati kabisa ya mti, ule mduara mdogo kama jicho, ubao ule utapasuka pale, uache. Angalia mistari ya mti kando ya ubao. Ikienda sawa toka ncha mpaka ncha, ni vizuri. Ikitoka nje upande wa ubao, nguvu imekatwa kabla hujalipa franka hata moja. Fundo dogo lililoshikamana si kitu. Fundo kubwa kuliko theluthi ya upana, likataeni, au mlipeleke mahali litakapolala juu ya chuma. Kiisha mgonge kwa nyuma ya shoka: ubao mzima unalia, ulio na ugonjwa unajibu kama ngoma iliyolowa.

Ubao wa msituni ni mbichi. Ukiufunga mbichi, utapungua juu ya remorki, buloni zitalegea, na kati ya mbao mtapata nafasi ya kupitisha muhindi mzima. Pasueni mwezi wa tano au wa sita, kiangazi kinapoanza. Siku ile ile ya kupasua, pakeni gudroni au rangi nzito katika ncha, kwa sababu maji yanaingia na kutoka kwa ncha upesi kuliko kwa pande. Pangeni mbao juu ya matofali, sentimita 40 toka udongoni, chini ya paa lisilo na kuta, na kati ya kila safu wekeni vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2, kila nusu mita, kimoja juu ya kingine vikifuatana kama nguzo. Juu kabisa wekeni mawe mazito. Mbao za sentimita 4 zitahitaji miezi mitatu au minne ya kiangazi. Mtajuaje kama zimekauka? Chagueni ubao mmoja, mtie alama, mpeleke kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi kila wiki mbili, na kuandika kilo zake. Siku kilo zinapoacha kupungua, ubao umekauka kadiri hewa yetu inavyoweza kuukausha.

Juu ya kukata mti kuna maneno ya sheria. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inawaachia wenyeji haki ya kutwaa miti kwa matumizi yao wenyewe, kwa kufuata desturi. Kukata kwa kuuza ni jambo lingine, linataka kibali. Mwende kwanza kwa shefu na mwenye udongo, kisha kwa mtu wa serikali wa mazingira, mkaseme ni mti mmoja kwa remorki ya kijiji. Mnakumbuka mukula, ndugu yake mulombwa: katika miaka ya 2010 ulikatwa mno, ukapakiwa kwa motokari kubwa kwenda ng'ambo, na leo kuna mahali vijana hawaujui tena. Mwaka 2019 mukula ulitiwa katika mkataba wa mataifa unaoitwa CITES, unaoangalia biashara ya kupita mipaka. Mwaka 2022 miti yote ya jamaa ya mulombwa katika Afrika ilitiwa pia, na ya jamaa ya mupapa. Haya hayakatazi mbao za remorki yenu. Yanaonyesha tu kwamba mti huu hauko wengi tena.

Mulombwa mchanga una tabia ya ajabu: kwa miaka mingi shina lake linakufa kila kiangazi, na mzizi unabaki na kunenepa chini, mpaka siku una nguvu ya kutoa shina linaloshinda moto. Mtu anayeona kijiti kilichokauka anasema kimekufa, anapiga jembe. Kiacheni. Na mchome majani mapema, mwezi wa tano au wa sita, moto ukiwa bado mdogo; moto wa mwezi wa tisa ndio unaoua.

Turudi kwenye remorki. Unene wa mbao ni jambo la hesabu, nayo ni hesabu inayoshangaza watu. Ubao wa sentimita 4 hauchukui mara mbili ya ubao wa sentimita 2 wa mti ule ule. Unachukua mara nne. Kwa hiyo anayepunguza unene kidogo ili apate mbao zaidi katika gogo, anapoteza nguvu nyingi. Na nafasi kati ya vyuma vya chini nayo ina neno lake: ikiwa mara mbili, uzito unaowekwa katikati ya ubao unapaswa kupunguzwa nusu. Sisi tunasema: sentimita 4 baada ya kupiga randa, na chuma cha kulalia kila nusu mita. Ikiwa shasi yenu ina vyuma kila mita moja, msiongeze unene. Mpelekeeni fundi aunganishe chuma kingine katikati. Itakuwa nyepesi na bei ndogo.

Mbele ya kuweka mbao, kwanguni kutu yote, mpake chuma rangi ya kuzuia kutu, mngoje ikauke. Pakeni gudroni upande wa ubao utakaolala juu ya chuma, na ncha, na ndani ya kila tundu la buloni. Fungeni kwa buloni za milimita 10 zenye kichwa bapa kilichozama, ili kisipasue magunia, na chini wekeni rondeli pana na ekru mbili zinazokazana. Msumari juu ya remorki unatembea. Barabara zetu zinautikisa mpaka unatoka, na ukitoka unachoma mguu au gurudumu. Kati ya ubao na ubao acheni milimita 6, maji yapite na udongo uanguke. Mtu asifurahi kuzibana pamoja kama mlango: zikilowa zinavimba, na zikikosa nafasi zitainua buloni.

Wengi wanapaka mafuta ya motokari yaliyotumika. Mafuta hayo hayaingii mpaka moyoni mwa ubao. Yanafanya juu kuwa na utelezi, na yana vipande vya madini ya mashini. Hapana kuyatia mahali mahindi yatalala.

Na neno moja la mwisho juu ya mzigo, maana tunakaa katika nchi ya machimbo. Remorki nyingi zinachukua mawe ya shaba na kobalti Jumatatu, na unga Jumamosi. Vumbi la mawe yale linaingia katika nyufa za mbao na haliondoki kwa ufagio. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo ya Katanga: walikuta kobalti nyingi sana, na madini mengine pia, hasa katika watoto. Basi mkiweza, kazi ya mawe iwe na remorki yake. Msipoweza, tengenezeni sakafu ya pili ya mbao nyembamba inayowekwa juu wakati wa chakula na kutolewa wakati wa mawe, na kuoshwa mbali na kisima.

Kazi ikiisha, remorki isilale ikiwa na udongo. Fagieni, inueni mbele kidogo ili maji yateremke nyuma. Chini ya mkono wake wa kuvutia wekeni jiwe, msiweke gogo, kwa sababu mchwa wanapanda kwa gogo kama kwa ngazi. Nyuma ya mwezi wa kwanza kazeni ekru zote tena, kwa maana mbao zitakuwa zimejikalisha. Kiisha kila mwaka mara mbili, mvua zinapokwisha na mbele hazijaanza, mwingie chini na kisu. Na tangu siku ya kupasua, wekeni mbao mbili za ziada za gogo lile lile chini ya paa pamoja na nyingine, ili ubao mmoja ukiharibika mbadilishe huo mmoja, wenye unene uleule, siku ile ile.